Merikebu za Mezani: Kijana Aunde Kundi Lake kwa Shabaha Moja

Wazazi wenye vijana wanaosoma Ulaya na Marekani, na baadhi ya walio hapa nyumbani, wametutaka tuzungumzie michezo ya mezani ya merikebu za anga za juu, ambayo vijana huinunua kwa fedha nyingi kabla ya kujua inavyochezwa. Wiki hii tunauchukua mmoja, Star Wars: Armada, uliotolewa na kampuni ya Fantasy Flight Games ya Marekani mwaka 2015.

Liko jambo la kutangulizwa kabla ya fedha kutoka mfukoni. Katika mchezo huu mapigo huamuliwa kwa dadu. Wanazuoni wengi wameikataza michezo ya dadu hata pasipo kamari, na wapo wa zama hizi waliotofautisha baina ya mchezo wa bahati tupu na ule unaotegemea fikra. Safu hii haitoi fatwa. Kila nyumba imuulize sheikh inayemwamini, na jibu lipatikane kabla ya kununua, si baada yake. Yanayofuata ni kwa wale ambao suala hilo wamekwisha kulimaliza.

Mchezo wenyewe ni wa watu wawili na hudumu mizunguko sita. Kila merikebu, kila kikosi cha ndege na kila kadi ya nyongeza ina bei yake kwa pointi, na kundi zima katika mchezo kamili lisizidi pointi 400. Ndege zisichukue zaidi ya thuluthi ya pointi hizo. Lazima pia awepo kamanda mmoja, naye ana bei yake.

Kosa la wanaoanza karibu wote ni moja: hukusanya kila kilicho kikubwa, wakidhani nguvu zikijumlishwa huwa kundi. Mshika mbili moja humponyoka. Kijana aulizwe kwanza: kundi lako litashindaje? Kwa kumpiga adui akiwa mbali? Kwa kumkaribia haraka? Kwa ndege? Achague jibu moja, kisha kila pointi ilitumikie jibu hilo. Dadu nyekundu hupiga hata masafa ya mbali, za buluu huanzia masafa ya kati, na nyeusi hupiga karibu tu. Basi kuweka merikebu ya dadu nyeusi nyuma ya kundi linalopigana kwa mbali ni kuilipia pointi isiyozifanyia kazi.

Aanze kwa kisanduku cha kwanza, kisha atulie. Ndani yake mna merikebu tatu na vikosi kumi vya ndege, vinavyotosha michezo ya pointi 180. Tuchukue upande wa waasi: Nebulon-B ya ulinzi pointi 57, CR90 aina ya A pointi 44, kamanda Dodonna 20, na vikosi vinne vya X-wing kwa 13 kila kimoja, yaani 52. Jumla ni 173. Saba zimebaki, na kijana atatamani kuzimaliza kwa kadi. Azifikirie mara mbili, kwa kuwa mwenye jumla ndogo ndiye achaguaye nani atangulie kucheza. Pointi iliyoachwa kwa makusudi haikupotea.

Kadi za nyongeza ndizo mtego wa pili. Merikebu moja iliyovikwa kadi nyingi hupendeza machoni, lakini ikizama huzama na pointi zote hizo, na adui huzihesabu kuwa zake. Anayeanza asizidishe kadi moja au mbili kwa kila merikebu, tena zile anazoweza kueleza kwa sentensi moja zinafanya nini.

Azingatie pia idadi. Wachezaji hupokezana merikebu moja moja, hivyo mwenye merikebu nyingi husubiri huku mwenzake akilazimika kujitokeza. Ndege nazo zisidharauliwe wala zisitegemewe peke yake: asiyekuwa na ndege hushambuliwa pasipo mlinzi, na aliyebakiwa na ndege bila merikebu hata moja ameshindwa.

La mwisho katika kupanga ni subira. Merikebu kubwa kama Victory hupangiwa amri tatu kabla, hata amri inayowekwa mzunguko huu hutekelezwa mizunguko miwili baadaye. CR90 ndogo hutekeleza papo hapo. Kijana mwenye papara ataielewa kwanza ile ndogo, na ile kubwa itamfundisha kufikiri kesho angali leo.

Kuhusu fedha, wazazi wajue kwamba mwaka 2024 kampuni ya Atomic Mass Games, iliyokuwa imeurithi mchezo huu, ilitangaza kuwa haitautolea tena bidhaa mpya. Kinachouzwa sasa ni mabaki ya madukani na vilivyokwisha kutumika, na bei ya kitu adimu hupanda. Kwa hiyo tunanasihi utaratibu huu: wanandugu au marafiki wawili wanunue kisanduku kimoja kwa pamoja, wacheze michezo mitano kwa pande zote mbili, kisha kila mmoja aandike kwenye karatasi kundi alitakalo na sababu ya kila merikebu. Mzazi aisome karatasi hiyo. Sababu ikiwa ni «nzuri» au «fulani anayo», merikebu hiyo isinunuliwe.

Kijana atakayezoea kupanga ndani ya pointi 400 bila kuzivuka, huku akijua kwa nini ametumia kila moja, atakuwa amejizoeza jambo litakalomfaa siku atakapokabidhiwa matumizi ya nyumba. Wabillahi tawfiq.