MAONI YETU: JOTO LA BERINGI LIANDIKWE



Ninyi mnaofanya kazi katika viwanda vya chai vya Kisii na Nyamira, na ninyi mnaoendesha mashine za kusaga unga hapa Mosocho, mwaijua harufu ya grisi inayoungua. Harufu hiyo ikifika puani, habari imekwisha chelewa. Leo twasema juu ya habari inayotangulia harufu, nayo ni joto.

Kila feni na kila mota huzunguka juu ya beringi. Ndani yake mna gololi za chuma na grisi. Grisi ikipungua au ikizidi, vumbi likiingia, au mkanda ukikazwa kupita kiasi, joto hupanda. Hapo grisi huwa nyepesi ikavuja, chuma hutanuka, nafasi ya gololi hupungua, na joto huzidi tena. Mwisho beringi hukwama, shafti hukatika, au moto huwaka. Na anayesimama karibu si mwenye kiwanda, ni sisi.

Mosocho hakuna reli, lakini sisi wa reli twalijua jambo hili tangu zamani. Gari likisimama, fundi hupita akisogeza mgongo wa mkono penye sanduku la ekseli. Mkono una kazi yake, lakini mtu hawezi kuendelea kushika chuma chenye digrii 60 za Selsiasi, basi atajuaje kama ni 70 au 100? Tena mkono haukumbuki ya jana, na mashine inayozunguka kwa kasi haiguswi.

Tazameni yaliyotokea Marekani. Tarehe 3 Februari 2023, mjini East Palestine, jimbo la Ohio, mabehewa 38 yalitoka relini kwa sababu ya beringi moja. Kando ya njia palikuwa na vipimajoto. Cha kwanza kilionyesha beringi imepita joto la hewa kwa digrii 21. Cha pili, digrii 57. Madereva hawakuambiwa wasimame. Cha tatu kilionyesha digrii 141, na kengele ikalia wakati wa kuokoa umekwisha. Mabehewa ya kemikali yakawaka, na watu wakahama nyumba zao.

Kipimo kilikuwapo, lakini aliyeweza kusimamisha gari hakuambiwa kwamba joto lapanda. Kwa hiyo twadai mambo matatu.

Kwanza, kila mashine iwe na daftari. Iandikwe saa, joto la hewa na joto la beringi, mahali pale pale kila siku. Asubuhi kwetu ni baridi na mchana ni jua, basi toeni joto la hewa ndipo mlinganishe na jana. Beringi iliyotiwa grisi upya yaweza kupanda kidogo kisha ikashuka. Isiyoshuka ina ugonjwa.

Pili, kiwekwe kipimajoto kwenye nyumba ya beringi, au tupewe kile cha kupimia kwa mbali.

Tatu, anayeandika awe na ruhusa ya kusimamisha mashine bila kungoja mnyapara.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amwambie msimamizi wake, na mwajiri asimrudishe mahali hapo mpaka hatari iondolewe. Tena kazi yenye watu 20 au zaidi iwe na kamati ya usalama. Ulizeni kamati yenu iko wapi.

Twamjua mwenzetu katika kiwanda kimoja aliyekatwa mshahara kwa beringi iliyoungua. Alikuwa amesema mara mbili kwamba yachemka, lakini alisema kwa mdomo tu. Siku ya kuulizwa hakuwa na karatasi, na aliyemwambia alikana. Mstari mmoja wa kalamu ungemwokoa.

Ndugu, andikeni, mtie tarehe na sahihi. Daftari hilo ni afya ya mashine, na ndilo shahidi wenu.