Dzaleka: Vijana wamejifunza kompyuta, kazi wataifanya wapi?

Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, ilifunguliwa mwaka 1994. Ilipangwa kupokea watu 10,000 hadi 12,000. Leo inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Katika msongamano huo, vijana wamekuwa wakijifunza kuandika programu za kompyuta, na baadhi ya walimu wao ni wakimbizi wenzao.

Anayefahamika zaidi ni Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi. Alisomea kambini, akaanza kuwafundisha wengine, kisha akaanzisha TakenoLAB. Mfano wake una nguvu kwa sababu rahisi: mwanafunzi humwamini haraka mwalimu aliyepanga naye foleni moja ya chakula. Hahitaji kuambiwa kwamba inawezekana, maana anamwona mwenyewe aliyeweza.

Lakini hamasa peke yake haitoshi. Malawi iliuridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kwa kuweka masharti, yakiwemo yanayogusa haki ya kufanya kazi na kutembea kwa uhuru. Mwezi Machi 2023, serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warudi Dzaleka. Kijana mwenye cheti cha kompyuta, basi, hawezi tu kupanda basi kwenda Lilongwe kutafuta ajira.

Ndiyo maana kazi ya mtandaoni inavutia: programu huvuka uzio bila kibali. Malipo, hata hivyo, hayavuki kwa urahisi. Benki hudai vitambulisho ambavyo wakimbizi wengi hawana, na umeme ukikatika, mteja hasubiri.

Uganda hali ni tofauti. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu wakimbizi kutembea na kufanya kazi. Hata hivyo, kijana wa Nakivale asiye na kompyuta wala bando bado hafiki mbali. Ruhusa bila vifaa, na ujuzi bila ruhusa, vyote humwacha njiani.

Tangu Marekani ilipositisha misaada yake ya nje Januari 2025, fedha za mafunzo zimekuwa haba zaidi. Mashirika, likiwemo letu, yanapaswa kuacha kujivunia idadi ya vyeti na kuanza kuhesabu waliopata kipato. Madarasa yawe wazi pia kwa watoto wa vijiji jirani, ambao wengi wao nao hawajawahi kugusa kompyuta. Jamii mbili zikisoma pamoja, ni rahisi zaidi kudai umeme na intaneti kwa sauti moja.

Nawe mwanafunzi, kabla ya kujiandikisha, uliza maswali matatu: Nitatumia kompyuta ya nani baada ya kozi? Nani ataniunganisha na wateja? Nitalipwa kwa njia gani? Kozi nzuri itakuwa na majibu.