Baada ya Makofi

Usiku wa giza pale Rumonge, wavuvi wawashapo taa kuvua ndagala, vijana husikika wakiimba ufukoni. Wazazi wengi husema kuimba si kazi. Mimi sikubaliani nao.

Mwaka 2013 Hope Irakoze wa Burundi alishinda Tusker Project Fame, shindano la waimbaji wa Afrika Mashariki lililofanyika Kenya, akatunukiwa shilingi milioni 5 za nchi hiyo. Lakini makofi ya shindano hunyamaza upesi, na studio hulipwa kwa saa. Kidum hakupitia huko. Alijifunza ngoma angali mtoto mjini Bujumbura, kaskazini ya mwambao huo huo. Vita vikamkimbiza hadi Kenya mwaka 1995, na albamu yake Yaramenje ikatoka mwaka 2001. Miaka sita, ndugu zangu!

Basi mwanao akiitwa shindanoni, mwache aende. Ila asitie sahihi mkataba peke yake. Usomeni pamoja: nyimbo zitakuwa mali ya nani? Amefungwa miaka mingapi? Gharama za studio zitakatwa wapi? Na kama baba yuko lindoni, karatasi imngoje arudi.