Mtoto wa Kambini Afundwe Kabla ya Kukabidhiwa Simu

Askari wenzangu, kuruta hapewi risasi za moto siku anayojiandikisha. Hufundishwa kwanza kuijua silaha, kuisafisha na kuiheshimu. Mbona basi twawakabidhi watoto wetu simu yenye intaneti bila mafunzo yoyote?

Hatari hii si ya kubuni. Mwezi Januari 2018 ilibainika kwamba ramani ya mazoezi iliyotolewa na kampuni ya Strava ilikuwa imefichua kambi za kijeshi nchini Syria na Afghanistan. Waliozifichua hawakuwa majasusi, bali askari waliokimbia mazoezini wakiwa na vifaa vinavyorekodi njia. Ikiwa mtu mzima mwenye kiapo aliteleza, mtoto wa darasa la nne atajuaje kwamba picha ya baba yake mbele ya gari la jeshi haifai kusambazwa?

Kumnyang'anya simu si dawa. Ataiazima kwa jirani. Dawa ni shule. Walimu wa kambini na waanzishe ukurasa wa darasa katika intaneti, wanafunzi waandike, mwalimu asome kila neno kabla halijatoka. Humo mtoto atajifunza kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, kuficha mahali anapoishi, kumjibu mwenzake bila matusi, na kujisahihisha hadharani akikosea.

Nasi wazazi tusikae kando. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda data na faragha yataka idhini ya mzazi kabla ya habari za mtoto kukusanywa. Basi tusome kwanza, ndipo tutie saini. Samaki mkunje angali mbichi.