Sanamu Nilizochoma

Mwezi huu nilikusudia kuandika juu ya uji wa watoto walioacha kunyonya, lakini kuna jambo limenikaa moyoni na sitakuwa na amani nisipolisema.

Nina mtoto wa kiume wa miaka kumi na minne. Yeye hawezi kuona kitu kimetupwa akakipita. Vizibo vya soda, waya, mabunzi ya mahindi, matete ya ziwani, nyuzi za viroba, hata vifuniko vya chupa za dawa, vyote huvikusanya na kuvitengenezea sanamu za watu. Alizipanga chini ya kitanda. Jioni moja tulikuwa na maombi nyumbani kwangu, mgeni mmoja akaziona, akashtuka. "Mama, unalala na vinyago ndani ya nyumba?" Nikaona aibu. Na ripoti ya shule ilikuwa imeletwa juma lile, nafasi ya thelathini na nane. Nilizitoa zote, nikazimwagia mafuta ya taa nyuma ya jiko.

Hakulia. Akawa mtoto mzuri kupita kiasi: anafagia, anachota maji, anaitika "Ndiyo mama", basi. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya watoto miaka mingi. Mtoto anayelia hanitishi, anayenitisha ni yule aliyenyamaza. Lakini wa kwangu nilimpita kila siku nikasema ametulia.

Miezi michache baadaye, mwezi Juni, akina mama wa jumuiya tulikodi gari kwenda Bujora kwa sikukuu ya Bulabo. Wenzetu wa Butiama walitungoja Makutano, wa Bunda wakapandia stendi, tukapita Lamadi na Magu hadi Kisesa, kabla hujafika Mwanza. Bujora ni makumbusho ya Wasukuma, na ni parokia pia. Yalianzishwa na Padre David Clement, mzaliwa wa Kanada, wa shirika la White Fathers, aliyefika huko miaka ya 1950. Bulabo kwa Kisukuma ni maua. Padre huyo aliunganisha maandamano ya Ekaristi na mashindano ya ngoma ya wenyeji, na hadi leo watu hufurika.

Ndani ya jengo la vyama vya ngoma nilisimama nikakwama. Sanamu za mbao za watu! Mwongozaji akatueleza kwamba hizo hazikuchongwa ziwekwe kabatini. Zilikuwa za kuchezwa. Vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, hushindana baada ya mavuno, kila kimoja upande wake na kwa wakati uleule, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Kwa hiyo mchezaji alibuni jambo lolote la kumnyang'anya mwenzake watu: chatu hai, majembe yanayorushwa juu, au sanamu yenye mikono inayochezeka, ambayo ukiitikisa inacheza kama mtu. Mama mmoja wa Butiama, ambaye amezoea wageni wanaokuja kwenye Makumbusho ya Mwalimu Nyerere tangu yafunguliwe mwaka 1999, alicheka: "Kwetu vitu vimenyamaza kabatini, huku vinatoka kucheza!"

Mwongozaji hakutuficha kwamba manju wa ngoma walitumia pia dawa za kuvuta watu. Hapo dada yetu wa Bunda akatoka nje, hakutaka kusikia zaidi. Simlaumu. Hata mimi dawa hizo sizikubali. Lakini niliuangalia ule ubao uliochongwa nikajiuliza kosa lake ni nini. Baadaye tuliingia kanisani pale pale Bujora. Altare ina umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na tabernakulo ni nyumba ya Kisukuma yenye ngao na mikuki mlangoni. Dada wa Bunda akapiga goti kabla yangu.

Mchana ngoma zikaanza uwanjani. Vumbi, jua, watu wakikimbia kutoka upande huu kwenda ule kila waliposikia kelele za shangwe. Wenzangu walikimbia nao. Mimi nilikaa chini ya mti. Kati ya zile nilizochoma kulikuwa na moja iliyovaa gauni jeupe la kitambaa cha bandeji, na kofia iliyokatwa kwenye boksi la glovu. Niliiona vizuri kabla sijawasha kiberiti. Nilijua ni nani.

Niliporudi nilimwita jikoni. Nikamwambia, "Mwanangu, zile sanamu nilikosea kuzichoma. Nisamehe." Baba yao aliguna kule sebuleni. Usiku akaniambia mzazi akimwomba mtoto radhi atapandwa kichwani. Tulibishana, na bado hatujakubaliana. Mtoto mwenyewe aliitika "Ndiyo mama" ile ile, akaenda kulala. Nilikuwa nimetegemea labda atanikumbatia. Sijui ni kwa nini sisi wazazi tunataka kulipwa siku hiyo hiyo.

Zilipita kama siku tisa. Nilikuwa nachambua mchele, akaja akasimama mlangoni.

"Mama, ile mikono ya sanamu za Bujora imefungwa kwa nini? Kamba au ngozi?"

Nikabaki na ungo mkononi. Nilikuwa nimeangalia nyuso, nimeangalia kanisa, nimeangalia chatu. Mabegani sikuangalia.

"Sikuona, baba," nikamwambia.

Akanitazama kama daktari anavyomtazama muuguzi aliyesahau kupima joto. "Umeenda mpaka huko na hukuona?"

Juni ijayo nimemwekea nafasi garini. Nauli yake naitenga kidogo kidogo katika kopo la maziwa juu ya kabati, na baba yake anajua lilipo. Chini ya kitanda pameanza tena kuwa na waya.