Miaka 20 ya Kimei ukiitazama kutoka Sola

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu nipo likizo nyumbani, Sola, wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu. Huku ndiko liliko bwawa linalowapa maji watu wa Maswa mjini, na huku ndiko nilikosomeshwa kwa pamba. Nikisema nilisomeshwa kwa pamba simaanishi mfano. Namaanisha ada ya sekondari ilikuwa ikisubiri mizani itoke.

Juzi jioni nilikuwa nimekaa nje na baba mkubwa. Yeye ni msikilizaji wa redio, na tangu nianze kazi gazetini ananichukulia kama mtu anayejua kila kitu kilichotokea Dar es Salaam. Akaniuliza: "Mwanangu, hivi yule Kimei wa CRDB alishaondoka?"

Nikamwambia aliondoka mwaka 2018, na mwaka 2020 akachaguliwa mbunge wa Vunjo. Akatikisa kichwa. Kisha akasema jambo ambalo limenikosesha usingizi, na ndilo lililonifanya niandike leo. Alisema: "Ile ilikuwa benki yetu sisi wa ushirika. Yeye aliikuta imeanguka akaisimamisha. Mbona ushirika wenyewe hakupatikana mtu wa kuusimamisha?"

Hebu tulichukue swali la mzee kwa uzito wake.

Kwanza, historia kidogo kwa wale ambao CRDB kwao ni kadi yenye picha ya tembo na foleni ya siku ya boom. Mizizi ya benki ile inaanzia mwaka 1947, enzi za mkoloni, ilipoanzishwa benki ya ardhi ya Tanganyika. Baada ya uhuru ikapita mikono kadhaa, na mwaka 1971 ikawa Benki ya Maendeleo Vijijini. Mwaka 1984 ikaitwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, na herufi zile nne tunazozitamka kila siku zilitokana na jina hilo kwa Kiingereza. Serikali ilikuwa mwenye mali mkubwa na vyama vya ushirika vilikuwa wabia. Kwa hiyo baba mkubwa hakukosea. Jina lenyewe linamtaja.

Tatizo ni kwamba benki ile ilikuwa ikikopesha kwa amri zaidi kuliko kwa hesabu. Mashirika ya umma yalikopa, vyama vikuu vikakopa, na fedha nyingi hazikurudi. Mwaka 1991 ikatungwa sheria mpya ya mabenki iliyoruhusu benki binafsi, na mwaka huohuo kikaundwa chombo maalumu cha kukusanya madeni mabaya ya benki za umma, kile kilichojulikana kama LART. Mwaka 1996 benki ikabinafsishwa. Hisa zikaenda kwa wananchi, vyama vya ushirika, kampuni, na mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Denmark.

Mwaka 1998 akaingia Dk. Charles Kimei kuwa Mkurugenzi Mtendaji. Alikuwa mchumi aliyepata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, na alitokea Benki Kuu, ambako kazi yake ilikuwa pamoja na kusimamia mabenki. Yaani mtu aliyekuwa akiwakagua madereva ndiye aliyekabidhiwa gari bovu aliendeshe mwenyewe.

Akakaa miaka 20. Ukitaka kujua urefu wake, wakati anaingia, Rais alikuwa Mkapa. Akafanya kazi chini ya Mkapa, Kikwete, na akaondoka enzi za Magufuli. Marais watatu, mkurugenzi mmoja. Kwa nchi ambayo tumezoea kusikia kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwamba uteuzi wa fulani umetenguliwa, hilo si jambo dogo.

Ndani ya miaka hiyo benki ikatoka kwenye matawi machache hadi zaidi ya 200. Zikaja mashine za kutolea fedha, zikaja huduma za simu, wakaja mawakala wa mitaani. Juni 2009 hisa zake zikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam baada ya kuuzwa kwa umma kwa shilingi 150 kila moja, bei ambayo hata mwalimu wa shule ya msingi aliweza kuimudu. Mwaka 2012 ikafungua kampuni tanzu Burundi. Benki iliyokuwa ikiuguzwa na wafadhili ikavuka mpaka kwenda kufanya biashara kwa jirani.

Mpaka hapo wasifu unapendeza, na wengi huishia hapo. Mimi naomba tusiishie hapo.

Kuna mambo mawili ambayo hayasemwi sana. La kwanza ni miaka ya mwisho. Mwaka 2015 faida ya benki baada ya kodi ilizidi shilingi bilioni 120. Mwaka 2017 ilikuwa imeshuka hadi kama bilioni 36. Sababu zipo, na si zote za kwake: serikali ilikuwa imeagiza fedha za taasisi zake zihamishiwe Benki Kuu, uchumi ulibana, na wakopaji wengi wakashindwa kulipa. Lakini mikopo mibaya haijitoi yenyewe. Kuna mtu alisaini. Mkuu akikaa muda mrefu, walio chini yake huzoea kuamini kwamba mzee anajua, na swali gumu halifiki mezani. Sisemi ndivyo ilivyokuwa pale, kwa sababu sikuwamo ndani. Nasema hiyo ndiyo hatari ya kukaa muda mrefu popote pale, iwe benki, chama, kanisa au gazeti.

La pili ndilo linalotuhusu sisi wa Sola. Benki ile iliokoka kwa sehemu kwa sababu iliacha kumbeba yule aliyeifanya iitwe jina lake. Kampuni binafsi ina haki ya kuchagua mteja. Mfanyakazi mwenye mshahara, mfanyabiashara mwenye nyumba mjini, kampuni ya ujenzi, hao wanakopesheka. Mkulima wa ekari nne za pamba anayetegemea mvua za Simiyu, asiye na hati ya shamba, ambaye bei ya zao lake inapangwa na soko la dunia asilolijua, huyo ni hatari tupu ukimwangalia kwa macho ya benki. Nakiri kwamba enzi za Kimei benki ilijaribu kumfikia mtu wa namna hiyo kupitia SACCOS, na kuna sehemu za nchi zilizonufaika. Lakini baba mkubwa, tangu benki ibinafsishwe hadi leo, hajawahi kukopa benki yoyote. Alijaribu mara moja, benki nyingine kabisa, akaombwa dhamana. Akaonyesha ng'ombe. Akaambiwa ng'ombe hufa.

Sasa turudi kwenye swali lake. Mbona ushirika hakupatikana mtu?

Jibu langu ni kwamba mtu alishapatikana, tena mapema kuliko benki. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa viliungana kuwa shirikisho moja lililoitwa Victoria Federation, makao yake Mwanza. Meneja wake mkuu alikuwa Paul Bomani, kijana wa miaka 30 hivi. Rudia tena: miaka 30! Umri wetu sisi tunaoambiwa tusubiri zamu. Wakulima weusi wakaanza kuchambua pamba yao wenyewe, kwenye viwanda vyao wenyewe, kabla hata ya uhuru. Baadaye Bomani akachukuliwa na siasa, akawa waziri, akawa balozi Marekani. Ulikuwa mwanzo wa mazoea yetu: kila anayeonekana anaweza kuendesha kitu, anaondolewa kwenye kile anachokiendesha.

Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika. Halafu sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, lakini vilirudi vikiwa chini ya kivuli cha chama na serikali. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na vyama vyenye madeni vikashindwa kushindana. Mwaka 2018 serikali ikaamua tena pamba iuzwe kupitia vyama vya msingi, hizi AMCOS. Msimu uliofuata, bei ya dunia ilipoporomoka, wakulima wengi wa kanda hii walikaa miezi wakisubiri malipo. Katika kupanda na kushuka huko kote, mkulima hakuulizwa hata siku moja.

Baba mkubwa ana sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake kuna stakabadhi za pamba aliyopeleka kwenye chama zamani, ambazo hazikulipwa mpaka leo. Chama sikitaji, maana waliokiendesha wengine wametangulia mbele ya haki. Nilimuuliza kama anawakumbuka mameneja wa wakati ule. Akacheka. Akasema walikuwa wakibadilishwa kama makondakta wa basi, unapanda na huyu, unashukia kwa mwingine, chenji yako hujui umdai nani.

Ndugu zangu, hapo ndipo ilipo tofauti yote. Kimei hakuwa malaika, wala mameneja wa ushirika hawakuzaliwa wezi. Kimei alipewa vitu viwili. Alipewa muda wa kutosha kuona matokeo ya uamuzi wake mwenyewe. Na alipewa watu wa kumuuliza: bodi, wanahisa wanaokutana kila mwaka, wakaguzi wa nje, Benki Kuu, na baada ya 2009, soko la hisa linalotangaza bei mchana kweupe. Hata faida iliposhuka mwaka 2017, tulijua. Ilichapishwa gazetini kwa mujibu wa sheria. Mimi na wewe tungeweza kuisoma kwa bei ya gazeti. Nitajie AMCOS moja ambayo mwanachama wake anaweza kusoma hesabu zake hivyo.

Najua kuna msomaji atakayesema nalinganisha vitu visivyolingana. Benki huchagua wateja, ushirika haumchagui mwanachama. Kweli kabisa. Kuendesha ushirika ni kugumu zaidi kuliko kuendesha benki. Lakini kama ni kugumu zaidi, basi ndiko kunakohitaji meneja bora zaidi, anayelipwa vizuri zaidi na kukaguliwa kwa ukali zaidi. Sisi tumefanya kinyume. Kazi nyepesi tukampa daktari wa uchumi kwa miaka 20, kazi nzito tukamwachia yeyote aliyepata kura nyingi siku ya mkutano wenye pilau.

Naandika haya sasa kwa sababu nafasi imerudi. Aprili 2025 Rais Samia alizindua Dodoma Benki ya Ushirika, Coop Bank, iliyokua kutoka benki ndogo ya ushirika ya Kilimanjaro. Na ajabu ya Mungu, CRDB ni miongoni mwa walioisaidia isimame na kununua hisa ndani yake. Yaani yule mtoto wa ushirika aliyekwenda mjini akatajirika, amerudi kumsaidia mama yake aanze upya. Nami nafurahi. Lakini nimesomea uandishi wa habari, kwa hiyo furaha yangu ina daftari na kalamu.

Nitataka kujua meneja wake anaajiriwa kwa sifa zipi, na anaweza kuondolewa na nani. Nitataka kujua kama hesabu za AMCOS zinazomiliki hisa zinabandikwa ukutani pale chamani, kwa Kiswahili, ambapo baba mkubwa anaweza kuzisoma akisubiri mizani. Nitataka kujua anayekopa ni nani: mkulima wa Sola, au mfanyabiashara wa mjini aliyevaa kofia ya mkulima. Na nitataka kujua siku atakapotokea meneja hodari, kama tutamwacha afanye kazi au tutamchukua kumfanya mkuu wa mkoa.

Upande wa Kimei, nadhani kipimo chake kizuri hakipo kwenye wingi wa matawi. Oktoba 2018 alimwachia kiti Abdulmajid Nsekela, aliyetokea benki shindani ya NMB, na taasisi haikuyumba. Faida ikapanda tena, na mwaka 2023 benki ikafungua milango Lubumbashi. Mkuu aliyekaa miaka 20 akiondoka na nyumba ikabaki imesimama, basi kuna kitu alijenga zaidi ya jina lake. Kwenye ushirika wetu kila meneja aliondoka na funguo.

Nilipomaliza kumweleza baba mkubwa haya yote alikaa kimya kidogo, kisha akauliza swali moja tu: hiyo benki mpya, stakabadhi za zamani inazipokea?

Sikuwa na jibu. Sanduku bado lipo chini ya kitanda.

Naomba kuwasilisha. Kesho nachukua basi la kurudi kazini.