Pilipili Haiko Shamba Tena

Pilipili iko shamba, yakuwashiani? Methali hii tulifunzwa shuleni, tukaikariri kwa ajili ya mtihani, na maana yake tukapewa kwa mstari mmoja: mambo yasiyokuhusu achana nayo. Kaa kwako, funga mdomo. Nairobi imeipenda sana methali hii. Jirani asimjue jirani, mpangaji asiulize, kila mtu alipe kodi tarehe tano kisha anyamaze.

Sasa mimi nasema methali imepitwa. Pilipili haiko shamba tena. Iko Pipeline ghorofa ya tatu, ndani ya mtungi wa mafuta ya kupikia uliokatwa nusu na kufungwa kwa waya kwenye vyuma vya balkoni. Iko Umoja kwenye ndoo ya rangi. Iko Kangemi kwenye gunia la unga lililokunjwa mdomo. Na cha kushangaza ni kwamba inawawasha watu ambao hawajawahi kuionja: mwenye ploti, mwalimu wa semina za utajiri, na hadi juzi hivi, sheria ya nchi.

Hoja yangu ni moja. Mpangaji ana haki ya kupanda kitu kidogo anachokula, nyumbani kwake, bila kupigwa marufuku na bila kulazimishwa kukiita biashara. Ukiona hiyo ni hoja ndogo, subiri.

Kwanza, kwa nini pilipili na si sukuma? Ni hesabu tu. Mtu wa bedsita akitaka kujilisha sukuma wiki atahitaji mashina mengi, na balkoni ya futi tatu haina mahali. Kitunguu unakilea miezi kadhaa, unang'oa kimoja, kinaisha jioni hiyo hiyo. Pilipili unatumia moja au mbili kwa sufuria nzima. Shina moja lililotunzwa linazaa kwa miezi, na halifi baada ya kuzaa: ukilipogoa na kulilisha samadi linaweza kukaa nawe zaidi ya mwaka. Kwa hivyo hapa kuna mmea ambao keja ndogo inaweza kuumudu na ukamtosha mtu kweli, si kwa picha.

Na tusichanganye majina. Hoho, ile kubwa ya kijani tunayokatia kwenye mayai, haiwashi kwa sababu haina kapsaisini, kemikali inayoleta moto. Pilipili mbuzi ya Pwani, ile fupi iliyojikunjakunja, ina harufu ya tunda na ukali wa kumliza mtu mzima. Pilipili kichaa ni ile ndogo nyembamba, na jina lake linatosha kuieleza. Moto wenyewe hauko kwenye mbegu kama wengi wanavyodhani. Uko kwenye utando mweupe ulioshika mbegu.

Kupanda si siri ya mtu. Chukua pilipili iliyoiva hadi ikawa nyekundu, usichukue ya kijani. Ipasue, toa mbegu, zianike kwenye karatasi kivulini siku kadhaa. Zifukie nusu sentimita hivi, kwenye udongo laini uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Ule udongo mweusi wa Eastlands, unaoshikana kama saruji ukikauka, ukiutumia peke yake utakuangusha. Mahali penye joto, mbegu zitachipua kwa wiki moja hadi mbili. Pilipili mbuzi ni mvivu, mpe hata wiki tatu. Miche ikipata majani manne hadi sita, hamishia kila mmoja kwenye chombo cha lita 5 hadi 10 chenye matundu chini.

Matundu ni lazima. Watu wengi huua pilipili kwa mapenzi, wanaimwagia maji asubuhi na jioni mpaka mizizi inaoza. Gusa udongo kwa kidole: juu pakiwa pakavu mwagilia, pakiwa na unyevu iache. Jua la saa sita kwa siku linatosha. Julai baridi ikibana Nairobi, maua yanaweza kudondoka. Usilie, subiri joto lirudi. Vidukari wakijaa chini ya majani, nyunyiza maji yenye sabuni kidogo jioni. Maji uliyooshea mchele au mboga yanafaa kabisa, kwa hivyo hata mgao wa maji si kisingizio. Miezi mitatu hivi baada ya kuhamisha miche, unachuma.

Ni hayo tu. Kitu rahisi hivi kinahitajije ruhusa?

Njoo kwa mwenye ploti. Ploti niliyokaa miaka michache iliyopita ilikuwa na karatasi imebandikwa langoni: hakuna wanyama, hakuna kelele baada ya saa nne usiku, hakuna makopo ya mimea kwenye balkoni. Mambo matatu yamepangwa pamoja kana kwamba ni kosa la aina moja. Jumamosi moja msimamizi alipita mlango kwa mlango akikusanya makopo. Mama mmoja wa ghorofa ya pili, aliyekuwa na pilipili na dania, aliambiwa achague: mimea au nyumba. Alichagua nyumba. Nani angechagua vingine?

Sababu wanazotoa ni nne. Maji yanamdondokea wa chini. Mbu. Uchafu. Chombo kinaweza kuanguka. Hii ya mwisho ni nzito, na anayepanda asiidharau, kwa sababu ndoo ya udongo ikitoka ghorofa ya nne inaua mtu. Basi iandikwe hivyo: kila chombo kikae sakafuni au kifungwe upande wa ndani wa vyuma. Maji yanazuiwa na kisahani chini ya chombo, na kisahani kikimwagwa kila siku mbu hapati pa kuzaa. Akitaka kuwatafuta mbu, aanzie kwenye tangi lisilo na kifuniko juu ya paa na mtaro ulioziba nyuma ya jengo. Uchafu unafagiliwa, kama tunavyofagia vumbi la barabara ambayo haijawahi kuona lami.

Ukishayajibu yote manne, amri bado inabaki pale langoni. Hapo ndipo unajua usalama ulikuwa kisingizio. Amri ile ipo ili ikukumbushe kwamba hapa si kwako. Mtu anayesubiri tunda kwa miezi mitatu ameamua kukaa, na mtu aliyeamua kukaa ndiye anayeuliza kwa nini kodi imepanda, kwa nini taa ya ngazi haiwaki tangu Pasaka, na dipositi yetu inawekwa wapi. Wao wanataka mpangaji wa begi, anayeweza kuhamishwa wikendi moja.

Na serikali? Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini mwaka 2015. Mwaka 2020, korona ikitubana, Wizara ya Kilimo ilizindua kampeni ya bustani za jikoni milioni moja. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Kwa hivyo juu tunaambiwa pandeni, na langoni tunaambiwa ng'oeni. Wakati huo huo majengo ya Pipeline yamebanana hivi kwamba vyumba vya chini havijui jua lina rangi gani. Anayeacha jengo kama hilo lisimame kisha akahubiri bustani za jikoni anatufanyia mzaha.

Mtu wa pili ni hatari zaidi kwa sababu anatabasamu. Ni yule wa video: amesimama katikati ya shamba, shati safi, kiatu hakina tope, anakuambia jinsi kijana mwenzako alivyoacha kazi ya ofisi akapata mamilioni kwa ekari moja ya pilipili. Hesabu yake huwa tamu. Mashina kadhaa mara kilo kadhaa mara bei ya juu kabisa ya soko, na jibu ni gari. Haweki dawa kwenye hesabu. Haweki maji, wala vibarua wa kuchuma, wala broka anayekuja na lori na bei yake mfukoni. Hasemi kwamba wote waliotazama video ile wakipanda msimu mmoja, bei itaanguka siku moja. Mwisho wa video kuna namba ya kulipia semina, au mbegu, au nyumba ya plastiki ya kukuzia. Hapo ndipo pilipili yake ilipo.

Simdharau mkulima wa pilipili. Wapo wanaoilima kwa kazi kubwa, na wanajua hayo yote kuliko mimi. Ninayemkataa ni yule aliyegeuza kila kitu tunachogusa kuwa hasla. Ukipika vizuri, fungua kibanda. Ukisuka, fungua ukurasa. Ukipanda pilipili tatu kwenye balkoni, wewe ni mwekezaji wa kilimo. Kwani kijana wa Nairobi haruhusiwi kuwa na kitu ambacho hakiuzwi?

Kuna siasa hapo pia. Kila ajira zinapokosekana tunaambiwa vijana warudi kwenye udongo, kana kwamba udongo umekaa mahali ukitusubiri na hati yake ya umiliki. Ndoo ya pilipili haitalipa kodi. Haitalipa HELB. Kiongozi akikupa mche badala ya kazi, pokea mche, kisha umuulize kazi iko wapi.

Mtu wa tatu hakuwa mtu, ilikuwa sheria. Kwa miaka mingi, sheria yetu ya mbegu ilimtishia mkulima mdogo anayeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa: kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Fikiria nyanyako Kitui au Vihiga, aliyefunga mbegu kwenye kitambaa na kumpa jirani, tangu kabla baba yako hajazaliwa. Mwaka 2022 wakulima 15 walikwenda Mahakama Kuu ya Machakos kuipinga, na Novemba 2025 mahakama ikasema vifungu vilivyofanya kuhifadhi na kugawana mbegu kuwa uhalifu vinakiuka Katiba. Wengi wetu mjini hatukuliona hata hilo. Tulidhani ni mambo ya shamba, na pilipili ya shamba inatuwashia nini?

Inatuwasha hivi. Ukinunua hoho ya mbegu chotara, ukatoa mbegu zake na kuzipanda, unaweza kupata kitu kisichofanana na mama yake. Msimu ujao inabidi urudi dukani. Hiyo ni biashara halali, na mkulima mkubwa ana sababu zake za kuichagua. Lakini pilipili mbuzi na kichaa za kienyeji hukaa na tabia zao, mradi usizipande bega kwa bega na aina nyingine zikachavushana. Tunda moja lina mbegu za kutosha ploti nzima. Hakuna aliyevumbua jambo hilo, na hakuna anayepaswa kulipisha.

Pilipili yenyewe ilifika kwetu kwa njia hiyo. Asili yake ni Marekani ya Kati na Kusini, ambako watu waliilima maelfu ya miaka. Columbus alipoikuta alikuwa akitafuta pilipili manga, akaipa hii mpya jina la ile ya zamani, na hata sisi tukafanya vivyo hivyo: neno pilipili lilikuwa la manga kabla halijawa la hii inayowasha. Wareno waliieneza katika karne ya 16, na kutoka pwani za Afrika na Asia ikaendelea yenyewe, mkono kwa mkono, kitambaa kwa kitambaa. Ndege nao walisaidia, maana wao hawahisi ule moto. Wanakula tunda na kudondosha mbegu waendako. Leo nani atakuambia mbaazi za nazi za Mombasa, au kachumbari ya mutura ya jioni, ni za watu wengine? Mgeni huyu alikuwa mwenyeji kwa sababu watu waligawana mbegu bila kuulizana risiti.

Najua utakachosema. Mama mboga yuko hapo chini, pilipili kadhaa ni ashu, ya nini kusumbuka? Ni swali la haki. Endelea kununua kwake nyanya, vitunguu na sukuma aliyokukatia, kwa sababu mmea wako mmoja hautamfilisi. Tena mpelekee zilizozidi. Ila jua tofauti: kwake unanunua pilipili, kwako unajifunza subira, jua linapita wapi, na jirani wa chini anaitwa nani, maana ni lazima mkubaliane kuhusu maji yanayodondoka. Ploti ambayo watu wake wameshakubaliana kuhusu maji ya kisahani inaweza kukubaliana kuhusu mambo makubwa zaidi.

Kwa hivyo wasee, tuanze na hili. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa nyumba, soma kama kuna marufuku ya mimea, na omba ibadilishwe iwe sharti la usalama: chombo chini, kisahani chini yake, waya ukihitajika. Usiombe peke yako. Ombeni mkiwa milango kumi. Mwakilishi wenu wa wadi akija kuomba kura, mkumbusheni sheria ya 2015, na mumuulize inamlinda mpangaji vipi. Yule wa video mpitie. Na pilipili yako ya kwanza ikiiva, usiile yote. Acha moja ikauke kwenye shina, toa mbegu, zifunge kwenye karatasi, kisha ugonge mlango wa jirani ambaye hujawahi kumsalimia.